Mafuriko au ngazi? Kuchagua njia ya kutibu fobia

Anayetafuta tiba ya fobia, yaani hofu kali ya kitu au hali fulani isiyolingana na hatari yake, huambiwa mapema jambo ambalo asingependa kulisikia: siku moja itabidi akutane uso kwa uso na kile anachokiogopa. Mazungumzo peke yake kwa kawaida hayatoshi. Mtu anaweza kujua fika kwamba buibui aliye pembeni mwa dari hawezi kumdhuru, na bado akashindwa kulala chumba hicho. Kinachobaki kuamuliwa ni namna ya kukutana naye.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mafuriko: unaingia moja kwa moja kwenye kilele cha hofu yako na kukaa humo mpaka hofu ishuke yenyewe, na wewe mwenyewe umekubali kwamba hutatoka kabla. Ya pili ni ngazi: unaanza na kinachokutia woga kidogo, ukikizoea unapanda kwenda kinachofuata. Katikati ipo ya tatu, ambayo nitaitetea huko mbele kwa sababu naamini watu wengi ingewafaa kuliko hizo mbili. Msimamo wangu niuseme mapema: ushujaa usiwe kigezo chako. Chagua njia ambayo una uhakika hutaikimbia ukiwa katikati yake.

Hofu inavyojilinda

Mwaka 1920, watafiti wa saikolojia wa Marekani John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha panya mweupe mtoto mchanga anayejulikana katika maandishi yao kwa jina la Albert. Kila alipomgusa panya, nyuma yake ukagongwa mtaimbo wa chuma kwa nyundo. Haikuchukua muda mtoto akawa analia kwa kumwona panya tu, hata chuma kikiwa kimya. Kisha hofu ikaenea kwa sungura, kwa mbwa na hata kwa koti la manyoya. Leo jaribio lile lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe, maana mtoto yule aliondoka bila kutibiwa. Lakini lilithibitisha kile ambacho wahenga walishakisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Swali ni kwa nini hofu hiyo haifi yenyewe miaka ikipita. Mwanasaikolojia Hobart Mowrer alilijibu mwaka 1947 kwa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa tiba hizi: hofu huanzishwa na tukio, lakini hulishwa na kukwepa. Unamwona mbwa, unavuka barabara, moyo unatulia papo hapo. Utulivu ule unakufundisha kwamba kuvuka ndiko kulikokuokoa. Hukupata nafasi ya kuona kwamba mbwa alikuwa anapita zake. Kesho utavuka mapema zaidi, keshokutwa utabadilisha njia kabisa, na mwishowe huendi kumtembelea mtu kabla hujauliza kama anafuga mbwa.

Mafuriko na ngazi zote zinalenga hapo hapo: kuziba upenyo wa kukwepa, mpaka ushuhudie mwenyewe kwamba janga ulilolitarajia halikuja. Tofauti ni kasi ya kuuziba.

Ndani ya kikao cha mafuriko

Wazo la dawa ya moto ni moto lilipata sura ya tiba rasmi kupitia Thomas Stampfl, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye aliwaongoza wagonjwa wafikirie, macho yakiwa yamefumbwa, mambo ya kutisha kupita hata yale ambayo maisha yangewaletea; mwaka 1967 alichapisha maelezo ya njia hiyo pamoja na Donald Levis. Waliofuata waliacha kukuza mambo kiasi hicho. Mafuriko ya kawaida hutumia kitu chenyewe, au picha ya akilini inayofanana na hali halisi.

Chukua mwenye hofu ya lifti. Kabla ya siku yenyewe mtaalamu amemweleza kila kitakachotokea, amehakikisha afya yake inaruhusu, na wamekubaliana kwamba hawatatoka hofu ikiwa kileleni. Wanaingia, milango inafungwa. Ndani ya dakika moja moyo unadunda mpaka unasikika masikioni, viganja vinalowa, pumzi inakuwa fupi, na wazo moja linajirudia: hewa itaisha. Mtaalamu anauliza hofu ni ngapi kati ya 0 na 100. Anajibiwa 95. Hawapigi soga za kupotezea mawazo wala hawafanyi mazoezi ya kupumua.

"Umesema hewa itaisha. Tukae tuone."

Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Dakika ya kumi bado ni 90. Hapa ndipo mtu angetoa chochote alicho nacho afunguliwe mlango, na ugumu wote wa tiba hii uko hapa. Lakini mwili hauwezi kukaa kwenye tahadhari ya juu kabisa bila kikomo. Mapigo yanaanza kupungua, mabega yanashuka, na baada ya nusu saa, saa nzima, kwa wengine zaidi, yule aliyesema 95 anasema 40 na anajikuta anasoma maandishi ya kwenye vitufe ambayo mwanzo hata hakuyaona. Hapo ndipo kikao kinaweza kuisha. Siku nyingine watarudia, tena kwenye lifti nyingine.

Nguvu ya mafuriko iko wazi. Kazi ambayo ngazi ingeichukua kwa wiki nyingi inaweza kufanyika kwa vikao vichache, na mtu anatoka akijua kwamba amekutana na hali mbaya kuliko zote na hakuna kubwa zaidi inayomsubiri. Gharama yake nayo iko wazi: mateso makali ya muda mfupi, ambayo wengi huyakataa wakishaelezwa, na baadhi huanza kisha wakaacha. Kuacha katikati si sawa na kutoanza. Anayetoka lifti akiwa kwenye 95 anaondoka na somo lile lile la zamani, kwamba kutoka ndiko kulikomponya, na safari hii amelipata kwa nguvu zaidi.

Katika kulinganisha matokeo, watafiti wa Uingereza waliingia kazini mapema. Mwaka 1971 Isaac Marks na wenzake waliripoti kwamba mafuriko yaliwapunguzia wagonjwa wao hofu kuliko njia ya kuzoesha taratibu. Miaka miwili baadaye Michael Gelder na wenzake walilinganisha tena njia hizo mbili na hawakuona mshindi, ingawa zote zilizidi matibabu ya kulinganishia. Ninavyolisoma hilo, kinachoponya ni kukaa na hofu mpaka ukajifunza kitu kipya. Ukali wa kikao si dawa yenyewe, na mtu asikubali kuuziwa maumivu kana kwamba ndiyo kipimo cha ubora.

Jambo ambalo si mafuriko kabisa

Kumsukuma mtu kwenye maji marefu ili "azoee", kumtupia mjusi mtoto anayemwogopa, kumfungia ndani anayeogopa giza: hayo watu huyafanya wakidhani wanasaidia, na wengine wamesikia kwamba hata wataalamu hufanya hivyo. Hawafanyi. Katika mafuriko mgonjwa anajua kinachokuja, amekubali, anaweza kuuliza, na aliye naye anajua kusubiri hofu ishuke. Anayeshtukizwa hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachojifunza ni kwamba kile kitu ni hatari kweli, na kwamba watu wake wa karibu hawaaminiki wakati wa hatari. Kama umewahi kutendewa hivyo, mwambie mtaalamu kabla ya kuchagua njia yoyote, kwa sababu hali hiyo inabadilisha mahali pa kuanzia.

Ngazi, na mahali inapokwama

Njia ya taratibu ina historia ndefu kidogo kuliko wenzake. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa akiogopa sungura: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, hadi akafikia kumshika. Kisha akaja Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliyefanyia kazi paka waliokuwa wamefundishwa kuogopa chumba fulani. Aliwalisha kwanza kwenye vyumba visivyofanana nacho, kisha vinavyofanana kidogo, mpaka wakala ndani ya chumba chenyewe. Kitabu chake cha 1958 kiliifanya njia hiyo ijulikane duniani. Kwa binadamu, mahali pa chakula alipaweka mazoezi ya kulegeza misuli aliyoyatohoa kutoka kwa Edmund Jacobson, na mgonjwa akapanda ngazi yake ya hofu akilini huku mwili umetulia. Kile kipimo cha 0 hadi 100 nacho ni cha Wolpe.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kulegeza misuli si lazima. Kupanda kwenyewe ndiko kunakofanya kazi, na kitu halisi kwa kawaida kina nguvu kuliko cha kufikirika. Ndiyo maana leo ngazi nyingi hupandwa mchana kweupe, na mbwa wa kweli. Mfano: kutazama picha ya mbwa, kusikiliza sauti ya kubweka, kusimama upande wa pili wa barabara mbwa akiwa amefungwa kamba, kumkaribia mpaka hatua tano, kugusa mgongo wake mwenye mbwa akiwa amemshika, kushika kamba mwenyewe, kukaa naye chumba kimoja akiwa huru. Kila ngazi hurudiwa mpaka ichoshe.

Uzuri wake ni kwamba anayeogopa ndiye anayeshika usukani. Analala akijua kesho kuna nini, anaweza kufanya mazoezi mengine nyumbani bila mtaalamu kusimama kando, na hata akishindwa siku moja hajapoteza yote. Kwa watoto karibu kila mara njia ni hii, pamoja na michezo na sifa kwa kila hatua. Mtoto hawezi kutoa ridhaa ya kweli kwa mafuriko, na sioni sababu ya kumpitisha huko.

Kasoro yake haionekani haraka, na hilo ndilo linaloifanya iwe mbaya. Ngazi inaweza kugeuka kuwa njia ya kukwepa yenye adabu. Mtu anatazama picha za mbwa wiki ya tatu, anajisikia anaendelea na tiba, na mbwa wa jirani bado hajamkaribia. Kuna pia vikinga vidogo ambavyo mtu huvibeba kila anapopanda: kufumba jicho nusu, kuhesabu kimoyomoyo, kushika simu tayari kupiga, kutokwenda bila ndugu fulani. Akifaulu, sifa yote inakwenda kwa kikinga. Mtaalamu mzuri huvitafuta na kuviondoa kimoja kimoja. Ukijifanyia mwenyewe, uwe mkweli kwako: kama hofu haijafika hata 40 kwa wiki nzima, uko ngazi ya chini mno.

Ile ya katikati

Mwaka 1989 Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza tiba ya kikao kimoja kwa fobia za vitu mahususi kama buibui, nyoka na sindano. Kikao chenyewe huweza kuchukua muda wa saa tatu. Ukisikia saa tatu utadhani ni mafuriko, lakini mwenendo wake ni wa ngazi: mtaalamu anaanza yeye, anaonyesha jinsi ya kumfunika buibui kwa glasi na kusukuma karatasi chini yake, anakuomba umsaidie, kisha ufanye mwenyewe. Hakuna kushtukizwa, na kila hatua huombwa ruhusa. Kabla ya kila hatua unasema unachoamini kitatokea. "Atanirukia usoni." Mnafanya, kisha mnaangalia kilichotokea. Tofauti na ngazi ya kawaida ni kwamba hamwachani mpaka mmefika juu, kwa hiyo hakuna wiki nzima ya kuogopa kikao kijacho.

Kwa hofu ya mnyama au kitu kimoja kinacholetwa chumbani kwa urahisi, hii ndiyo ningeitafuta kwanza. Ina kasi inayokaribia mafuriko na heshima ya ngazi. Kinachohitajika ni mtaalamu aliyejifunza kuifanya na aliye tayari kutenga nusu siku kwa mtu mmoja, jambo ambalo si kila mahali linapatikana.

Pale ambapo aina ya hofu inakuamulia

Hofu ya damu, majeraha na sindano iseme kwanza, kwa kuwa haifanani na nyingine. Katika fobia nyingi presha hupanda na kubaki juu. Mtu anajihisi kuzimia lakini hazimii. Katika hii, presha hupanda kidogo kisha huporomoka, na mtu huanguka kweli. Kumweka mtu huyo kwenye mafuriko bila maandalizi ni kumtafutia kugonga kichwa sakafuni. Öst na Ulf Sterner walieleza mwaka 1987 mbinu ya kukaza misuli: unakaza mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, unaachia bila kulegea kabisa kwa sekunde 20 hadi 30, kisha unarudia. Presha haishuki, unabaki na fahamu zako, na kutoka hapo unaweza kupanda ngazi. Angalia kwamba ni kinyume cha kulegeza misuli. Anayekufundisha kulegea kwa hofu ya damu anakukaribishia kuzimia.

Ndege ina tatizo lake. Ikisharuka hakuna ngazi tena. Safari yenyewe ni mafuriko utake usitake. Hapo miwani ya uhalisia pepe, inayokuonyesha mandhari ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake, imesaidia sana. Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha mwaka 1995 jaribio la kutibu hofu ya urefu kwa njia hiyo, na tangu hapo imetumika hata kwa safari za ndege. Unaketi, unasikia injini, unapitia mtikisiko mara nyingi kadiri unavyotaka, kisha unakwenda kupanda ndege ya kweli.

Hofu iliyotokana na vita, kubakwa au ajali mbaya isichanganywe na fobia ya kawaida. Mwaka 1991 Roger Pitman na wenzake walieleza visa vya maveterani wa vita vya Vietnam ambao hali zao zilivurugika wakati wa tiba ya mafuriko, wakiwemo waliozidiwa na huzuni na waliorudia pombe. Kwa majeraha ya namna hiyo kuna tiba zilizopangwa mahususi, kama ile ya Edna Foa ambayo mgonjwa husimulia tukio mara kwa mara kwa mpangilio maalumu na mtu aliyefunzwa. Usiyajaribu hayo nyumbani peke yako.

Mwili nao una sauti. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, pumu kali au kifafa, na mjamzito, asikubali mafuriko kabla daktari wake hajasema neno. Ngazi pia ifanywe kwa taarifa yake, ingawa mzigo wake kwa mwili ni mdogo.

Kuhusu dawa nitasema machache. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu vinaweza kukupitisha safari moja ya lazima, lakini ukivimeza kabla ya kikao unaweza kuondoka na imani kwamba kidonge ndicho kilichokulinda. Pombe ni hivyo hivyo. Kama tayari unavitumia kila siku, usiache ghafla kwa ajili ya tiba. Kuacha ghafla kuna hatari zake, na daktari ndiye wa kupanga namna ya kupunguza.

Hofu ikirudi

Ulipona lifti ya kliniki, ukaingia ya hospitali, moyo ukaanza tena. Watu huvunjika moyo hapa na kusema tiba ilikuwa ya bure. Utafiti wa Mark Bouton ulionyesha kwamba hofu ya zamani haifutwi. Juu yake hujengwa somo jipya, na somo hilo jipya hushikamana na mahali ulipojifunzia. Michelle Craske ameijengea hoja hiyo tiba: badilisha mahali, saa, mtu uliye naye, aina ya mbwa, hata mpangilio wa ngazi, ili somo jipya lisibaki mateka wa chumba kimoja.

Hili linagusa uchaguzi wako. Mafuriko kwa sababu ni ya haraka hukuacha umejaribu mahali pachache, kwa hiyo mwenye kuyachagua apange mapema mazoezi ya wiki zinazofuata. Aliyepanda ngazi kwa muda mrefu huwa ameshakutana na hali nyingi njiani, mradi hakupanda ngazi ile ile ndani ya chumba kile kile.

Kabla hujakubali

Nani basi achague mafuriko? Mtu mzima mwenye afya njema, mwenye hofu moja inayojulikana mipaka yake, ambaye muda unambana au ameshachoka na ngazi zisizofika juu, na amempata mtaalamu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Akiwa na hivyo vyote, ni tiba ya haki kabisa. Kimoja kikipungua, ngazi au kikao cha Öst kitamfikisha pale pale.

Vyovyote utakavyochagua, muulize mtaalamu maswali matatu. Kikao kitakuwa cha muda gani? Akisema dakika 45 kamili na kuna mwingine anayesubiri mlangoni, mafuriko hayawezi kufanyika hapo, maana huenda ukatolewa hofu ikiwa juu. Baada ya kikao nitafanya mazoezi gani, wapi? Na la tatu: nikisema basi, itakuwaje? Jibu unalotaka kusikia linafanana na hili: tutasimama, tutarudi hatua moja nyuma mahali unapoweza kukaa, tutasubiri hofu ishuke hapo, kisha wewe ndiye utakayesema kama tunaendelea. Akikuambia kwamba kwenye tiba yake hakuna kusema basi, chukua mkoba wako utafute mwingine.